Mimi Sikucheza

Nilimpakia mtoto wa jirani yangu kwenye bodaboda, tukatoka Kanoni hadi Kayanga, kwa afisa ustawi wa jamii. Yeye alikuwa darasa la pili. Tulikwenda kumshtaki baba yake wa kambo. Mdogo wa kiume wa huyo baba alitufuata bila kualikwa, na kwa kuwa afisa hakujua Kinyambo, akajitolea kutafsiri.

Mtoto aliongea huku akiangalia vidole vya miguu yake. Kwa Kinyambo alisema kwamba baba alimchezea. Yule bwana akakohoa kidogo, akamgeukia afisa.

"Mama, anasema walikuwa wanacheza."

Nilisimama. Nilisema, tena kwa sauti iliyowageuza watu wote waliokuwa kwenye foleni nje, kwamba huyu ni mwongo, na Kinyambo mimi nimezaliwa nacho. Afisa akaniomba nitulie. Bwana akatabasamu.

"Mama huyu hasira zake tumeshazizoea."

Hapo mtoto akainua uso. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, cha kusoma ubaoni, lakini kilitosha.

"Mimi sikucheza," alisema.

Afisa akamwambia yule bwana atoke nje.

Sasa mtoto anaishi kwangu. Watu wananiambia bado ni mdogo, atasahau. Wapumbavu wakubwa! Jioni watoto wa majirani wanakuja uani kwangu na mpira wao wa rede, wanamwita kwa jina, "Njoo tucheze!"

Yeye anaingia ndani na kufunga mlango.