Mama Alipoipa Sinema Mgongo

Mama aliapa kwamba hawezi kumwoza bintiye kwa mtu anayelipwa kupigia sinema kelele. Binti ni mimi, na mpiga kelele ni Otieno, anayesimama kando ya pazia na kipaza sauti akiwaeleza watu, kwa Kiswahili na Dholuo, yale Wazungu wanayosema. Niliposikia kwamba ukumbi mmoja Homa Bay unaonyesha wiki nzima sinema za mwongozaji wa zamani wa Hollywood, na Otieno ndiye wa kuzieleza, nikamsihi Mama akaisikie hiyo kelele kwanza.

"Sawa," akasema. "Nisiporidhika, hilo jina lisitajwe tena kwangu."

Asubuhi tuliondoka Awendo nyuma ya lori za miwa, Mama amevaa viatu vya kanisani. Tulipofika Rodi alinunua ndizi, akanipa moja, nikajua hali si mbaya sana.

Homa Bay tuliingia mchana. Mwenye ukumbi, mama mcheshi anayeitwa Min Apiyo, yaani mama yake Apiyo, alitupa chai.

"Huyo mwongozaji alikufa kitambo," akatuambia, "lakini kazi yake aliijua. Mtu na mpenzi wake wanagombana mpaka waoane."

"Kwetu ugomvi huanza baada ya kuoana," Mama akamjibu.

Sinema ikaanza, haina rangi lakini nguo zinang'aa. Mrembo alipomfungia bwana mlango, Otieno akasema, "Enda ulale kwa mamako, ugali yako nimempa paka." Watu wakavunjika mbavu. Kisha wale wawili wakaanza kusogeleana, na hapo Otieno akatazama mstari wa tatu, akamwona Mama.

Sasa, kwetu Waluo mama mkwe anaheshimiwa mpaka anaogopwa. Hamli meza moja, sembuse kutamka mambo ya mapenzi mbele yake. Otieno akakohoa.

"Hapa wanaulizana bei ya mahindi," akasema. Wale wakabusiana. "Wamekubaliana bei."

Watu walicheka mara ya kwanza. Lakini kila kumbatio likawa mahindi, wakaanza kuzomea, nami nikaona harusi yangu inaenda na maji.

Mama akainuka. Nilidhani anaondoka, kumbe anageuza kiti. Akakaa akiwapa mgongo sinema na Otieno, akajitanda leso kichwani.

"Mwambieni aendelee na kazi," akasema polepole. "Mimi sipo."

Otieno akashusha pumzi, akayamwaga yote aliyokuwa ameyabana. Ukumbi ukarudi kwake. Mimi nilikuwa nikitazama mabega ya Mama, yanatikisika kwa kicheko chini ya leso, na nilifurahi hadi machozi. Miaka hii yote sikujua mama yangu anaweza kucheka hivyo. Hilo peke yake lilitosha kunilipa safari.

Jioni, tukirudi, tulipopita Rongo alinigeukia.

"Yule mwanamke," akaniuliza, "mbona alimfungia tena mlango, na alishamsamehe?"

"Mama, si ulisema hukuwepo?"

"Sikuona kitu." Akakunja leso yake vizuri, akaiweka mapajani. "Mwambie Otieno alete wazee wa kwao."