Mzee Gogo na Mkono Unaokimbia

Mzee Gogo alikuwa muuza nyama, na jina hilo alilipata kwa lile gogo la kukatia lililokuwa katikati ya bucha lake, limeliwa na shoka mpaka likafanya bonde. Shoka likishuka, paa! mfupa unaachana bila kibanzi kuruka. Mtu wa namna hiyo umwambie kuna watu wazima wanaoamka asubuhi kufukuza kijipira kwenye majani, atacheka mpaka ajishike mbavu. Na alicheka kweli, hadi siku binti yake alipomwambia kwamba ndiyo kazi anayoitaka: kufundisha gofu.

Binti alikuwa katika majaribio pale klabuni, na hakupata mwanafunzi hata wa dawa. Mibaba yenye ndevu ifundishwe na msichana? Thubutu! Mwishowe meneja, mtu asiyemung'unya maneno, akamwambia: "Niletee mtu ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu. Jumamosi nitampa mipira mitatu; akivusha hata mmoja ng'ambo ya bwawa mbele yangu, kazi ni yako. Asipovusha, tusilaumiane." Binti akawazungukia rafiki zake wote, kila mmoja ana udhuru wake. Ikabaki damu yake.

"Mimi, mwanangu? Na kitambi hiki?"

"Wewe, baba. Sina mwingine."

Basi akaenda. Alipopita lango alivua kofia bila kuambiwa. Jamani, yale majani! Aliinama akayapapasa kwa kiganja, haamini kwamba kuna mtu kayakata akayasawazisha hivyo. Akamwomba binti apige kwanza, naye aone. Binti akapiga. Mzee Gogo hakusikia kishindo, alisikia mluzi tu, kisha kijipira kikapanda, kikapanda, kikakaa huko juu kama kimeghairi kurudi. Mdomo ukaachama. Huyu si yule ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimfunga kamba za viatu juzijuzi tu?

"Kile kimetoka kwenye mikono yako wewe?" akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu.

Ikaja zamu yake. Weee! Fimbo ilishuka kama shoka, udongo ukaruka, mpira ukabaki unamtazama. Akarudia, ukatambaa pembeni kwa aibu. Punguza nguvu, baba. Akapunguza. Kaza macho kwenye mpira. Akakaza. Wapi! Wiki ikaenda hivyo hivyo.

Ijumaa binti akaenda buchani, akakalia ndoo iliyofudikizwa, akamtazama baba yake akikata. Mkono wa kulia unashuka na shoka. Wa kushoto umeshika nyama, lakini shoka likikaribia tu, unachomoka. Paa! Unarudi. Unachomoka. Paa! Binti akainuka kwenye ndoo.

"Baba! Mkono wako wa kushoto unakimbia!"

"Usipokimbia, mwanangu, si nitawauzia watu vidole?"

Kumbe ndivyo! Miaka yote ile mkono umejifunza kuokoa vidole, na kwenye gofu, ambako wa kushoto ndio unaoiongoza fimbo, ulikuwa ukilegea kila fimbo ilipoukaribia mpira. Mzee Gogo akautazama mkono wake, akamtazama binti yake. Amekata nyama mbele za watu maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kuliona hilo, hata yeye mwenyewe. Mtoto huyu ana macho gani, ya Rabi?

Ila kujua ni kitu kimoja, na mkono una akili zake. Jumamosi, meneja amekunja mikono kando ya bwawa, mpira wa kwanza ukazama. Wa pili, chubwi.

"Wa mwisho," meneja akasema.

Jasho lilikuwa likimtiririka Mzee Gogo. Hakuogopa kuchekwa, kuchekwa kitu gani! Aliogopa kuizamisha riziki ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Binti akamsogelea. "Baba, nilipokuwa mdogo, ukinivusha ile barabara ya mbele ya bucha, ulikuwa ukinishika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na damu ya nyama."

"Magari yakija mbio, uliniachia?"

"Nikuachie? Una wazimu?"

"Basi," akasema binti, akarudi nyuma.

Mzee Gogo akavuta pumzi, akaipeleka fimbo nyuma, akaishusha. Mluzi. Subhana! Mpira ukapanda kwenye jua, bwawa lote likapita chini yake, nao ukaendelea kwenda, hauna haraka na mtu, ukatua ng'ambo kwenye majani. Meneja akakunjua mikono. "Jumatatu uje kazini," akamwambia binti.

Mzee Gogo hakusikia. Alikuwa bado anatazama juu, mahali ambapo mpira ulishatoka kitambo, na machozi yanamshuka waziwazi mbele za watu.

"Baba, imetosha," binti akasema, akicheka na kulia. "Achia fimbo sasa."

Mkono wa kulia ukaachia. Wa kushoto ukakataa.