Makaa ya Maganda

Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini jirani yangu wa hapa mtaa wa Nyakuron nitamsifu, na akitia maji, shauri yake.

Ni mama Mganda mwenye kibanda cha chakula mbele ya ua wetu. Mimi ni mwalimu kutoka Kenya, mgeni katika nchi hii kama yeye, na vyumba tulivyopanga vinatazamana. Katikati ya ua palikuwa na shimo la taka lililotiwa moto kila jioni: maganda ya ndizi, chupa za maji, nepi, vyote pamoja. Moshi wake ulinuka kiatu kilichoungua. Wapangaji tulifunga madirisha na kulalamika, kazi tuliyoiweza sana.

Binti yake hakuweza hata kulalamika. Alikuwa na pumu. Moshi ukiingia alikaa kitandani mabega juu, akipumua kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Daktari akamwambia mama amwondoe mtoto penye moshi, la sivyo atakuja kumlilia. Basi ikaamuliwa kwamba shule zikifungwa binti aende kwa bibi yake Uganda. Mama asingeweza kumfuata, maana kibanda ndicho kilichowalisha wote, bibi akiwemo. Nilimwona akikunja nguo za mtoto, akizikunjua, akizikunja tena. Roho iliniuma.

Siku iliyofuata alibisha kwangu.

"Mwalimu, hii takataka yote munipatie mimi. Maganda mbali, kaveera mbali. Hakuna mutu kuchoma tena hapa."

Kaveera ni mfuko wa plastiki. Tulimcheka kidogo, kisha tukampa, maana nani hung'ang'ania taka zake?

Maganda aliyaanika juu ya mabati. Yakikauka, aliyachoma ndani ya pipa lenye hewa kidogo, nje kabisa ya ua, binti akiwa shuleni. Yaliyotoka meusi aliyatwanga, akayachanganya na uji wa unga wa muhogo, akafinyanga madonge na kuyaanika tena. Nilisimama kumtazama kila nilipopata nafasi. Mikono ilikuwa myeusi hadi viwikoni, na kibanda hakikufungwa hata siku moja.

Plastiki alizishindilia kwenye magunia. Gari la taka lilizichukua lilipojisikia, likazimwaga mahali ambako huenda wengine walizichoma. Moshi tuliouondoa uani kwetu labda ulimfikia mtoto wa mtu mwingine. Hilo linanikera mpaka leo.

Siku ya kuwasha makaa yake mara ya kwanza tulikusanyika wote. Akayapanga kwenye jiko, akawasha kiberiti, na mkono wake ukachukua kaveera iliyokuwa karibu, ukaiwasha, ukaidondosha juu ya makaa. Ndivyo alivyofanya mama yake, ndivyo alivyofanya mama yangu. Hakuna aliyemzuia, maana hakuna aliyeona ajabu. Mazoea yana taabu. Tulishtuka tu tuliposikia kikohozi chumbani.

Aliikwapua kaveera ikiwaka, akaikanyaga. Vidole vikaungua.

"Mkono yangu hii ndiyo mujinga!" akapiga kelele.

Binti alikohoa mpaka jioni. Mama akalivuta begi kutoka chini ya kitanda, akaanza kupanga nguo, na safari hii hakukunjua hata moja. Nilidhani mambo yamekwisha.

Kesho yake nilimkuta nje amechutama mbele ya jiko, vidole vimefungwa kitambaa, akiwasha makaa yaleyale kwa maganda makavu ya machungwa. Yalishika polepole, yakawa mekundu. Harufu ilikuwa ya chungwa. Nilisikiliza upande wa chumbani, sikusikia kitu. Nilitaka kumkumbatia, nikamwambia tu chakula chake kinanukia.

Shule zikafungwa. Asubuhi ya safari nilidamka nimuage mtoto. Nilimkuta mama akirudi kutoka sokoni, begi la binti kichwani, limevimba, zipu haifungi.

"Basi la Kampala si litamwacha mtoto?" nikauliza.

"Basi gani, mwalimu? Kalas, hiyo imeisha."

Akalitua begi, akalifungua. Lilikuwa limejaa maganda ya muhogo mpaka juu. Nyuma yake, dirisha la chumba lilikuwa wazi, na binti alikuwa bado amelala.