Wimbo wa Fundi wa Meli

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, basi. Mjukuu wangu, niliyemkuza mwenyewe kwa maziwa ya ng'ombe wangu, amesoma mpaka ng'ambo, na huko huko wakamwajiri kiwandani. Alipokuja likizo nikamuuliza anatengeneza nini. Akasema vipuri vya jeshi la majini. Sikungoja aendelee, kifua kilishanijaa fahari.

Kwetu Migato tunapalilia pamba kwa zamu, leo kwangu, kesho kwa mwenzangu, majembe yote yanakwenda na wimbo mmoja. Mwenye mtoto wa kujivunia anamtungia ubeti. Wangu ulisema mjukuu wangu anaziba meli zilizotoboka, watu wa majini wanafika kwao kwa mkono wake. Yote hayo niliyatoa kichwani mwangu.

Aliyeupenda kuliko wote ni jirani yangu. Mwanawe alianzia kwenye mitumbwi ya Lamadi, sasa ni baharia wa meli za mizigo. Alikuwa akinitania, "Mayu, wako anaziba, wangu anapanda. Tusigombane."

Msimu huu redio ikasema meli ya mizigo imepigwa kombora bahari ya mbali. Ndiyo aliyokuwamo mwanawe. Wengine wameokolewa, wengine hawajulikani walipo. Kesho yake jirani akaingia uani kwangu, hata salamu ya asubuhi, mwangaluka, hakumaliza kuitamka. Akasema mjukuu wangu anazijua meli, nimpigie atuulizie.

Nikamwacha kwenye kigoda, nikapanda kichuguu cha nyuma ya zizi, ndiko mtandao unakoshika. Mjukuu akapokea. Nikamweleza.

"Bibi, mimi sitengenezi meli."

"Sasa unatengeneza nini?"

"Makombora ya kupigia meli. Mimi niko kwenye kichwa chake, kile kinachoitafuta meli. Kipuri kikizeeka tunakitoa, tunaweka kipya."

Nikamuuliza kama hilo lililopiga ni la kwao. Akasema hajui, wao wanatengeneza tu, wanaonunua ni wengi. Halafu akaanza kunieleza, kama zamani alivyokuwa akinionyesha daftari, kwamba ya zamani yalikuwa yakikosa, wamehangaika nayo miaka, sasa hayakosi. Akayasikia maneno yake mwenyewe, akaacha. Akalia. Zamani akilia nilimfunga mgongoni nikaendelea na kazi. Sasa nilikuwa nimeshika simu tu.

Niliporudi uani nikamwambia jirani kwamba anaulizia. Akapiga magoti kunishukuru, mtu mzima mwenzangu, kwenye mavi ya ng'ombe. Nikamwinua. Nikampangusa magoti.

Jana ilikuwa zamu ya shamba langu. Habari za mwanawe bado. Nikamwomba abaki nyumbani apumzike, akasema nyumbani kunamla. Akaja na jembe lake, akasimama mstari wa kwanza kando yangu, na kabla sijafungua mdomo akauanzisha yeye ule ubeti wangu, wa mjukuu anayeziba meli. Aliuimba kama anaomba. Wanawake wote wakaitikia.

Nami nikaitikia. Mkiwa mstari mmoja, ukiacha kufuata wimbo unamkata mwenzako mguu.