Skuta ya Bi Zuhura

Usiku ule nililala nimevimba kwa hasira. Mimi mtu wa jazba, sifichi. Bi Zuhura, mkunga wa mtaani kwetu, alikuwa amerudisha skuta yake gereji kwangu mara ya tatu: inawaka vizuri, inakwenda kama dakika kumi, halafu inazima. Juzi ilimzimikia njiani akienda kuzalisha. Alifika mtoto keshatoka, kitovu kimemzonga shingoni, hapumui. Mimi nikamwambia mbele za watu kwamba kosa ni lake, ananunua petroli chafu ya kwenye chupa. Aliondoka analia.

Basi nimelala, mara nipo gereji, jua la saa sita, na Fundi Kombo ameiinamia skuta ile ile. Fundi Kombo ndiye aliyenifundisha kazi. Tumemzika, huu mwaka wa nne. Nikamwamkia. Nikaanza kujitetea: plagi nimebadilisha, kabureta nimesafisha, cheche ipo. Akanizaba kofi, nikaona nyota.

Sijakaa sawa, ananikunja shati, ananibamiza ukutani, na ukuta si wa gereji tena, ni wa chumba cha mzazi, kitanda kimetapakaa damu. Mfukoni mwa ovaroli anatoa kipande cha sabuni ya kufulia. Nusu ananishindilia mdomoni. Nusu ananiziba nayo pua, anaikandamiza kwa dole gumba, taratibu, kama alivyokuwa akifanya kazi zake zote. Ninampiga mateke. Ninamng'ata vidole, meno yanakutana na sabuni tu. Kifua kinataka kupasuka. Wallahi niliogopa, nikajua leo ndiyo basi.

"Sasa nenda," akasema. "Tuone utafika wapi."

Macho yanaingia giza. Ananiinamia sikioni.

"Kamwambie."

Nikaamka nimeng'ata mto, nahema. Kumekucha. Hata uso sikunawa, nikaenda moja kwa moja kwenye skuta na kufungua mfuniko wa tangi. Hewa ikaingia kwa mluzi. Kwenye mfuniko pana kitundu cha kupitishia hewa. Kikiziba, petroli haishuki, na injini inazima. Kilikuwa kimejaa sabuni. Niliipaka mwenyewe mwezi uliopita, petroli ilipokuwa ikivuja hapo na kumchafulia Bi Zuhura buibui lake. Sisi mafundi ndivyo tunavyoziba, na nilishasahau.

Nikakizibua kwa waya, nikaisukuma skuta mpaka kwake. Alitoka macho mekundu, akaanza kuniomba radhi, akisema petroli ya chupa hanunui tena, na kwamba atamlilia yule mtoto aliyekufa maisha yake yote.

"Bi Zuhura," nikasema, "petroli yako haikuwa na kosa. Niliyeziba tangi ni mimi."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Aliingia ndani, akatoka na mtandio wake. Akaniambia nitangulie, tunakwenda kwa mama wa mtoto, na nikifika huko nitasema mwenyewe.