Karatasi ya Omollo

Topista, fundi cherehani wa Namakwekwe, mtaa wa mji wa Mbale, Uganda, alikuwa na wivu, na asije mtu kuniambia eti ulikuwa kidogo. Mwaka ule wa 1998 jirani yake Racheal, mwalimu, aliwekewa paneli ya sola juu ya bati. Kila jioni taa nyeupe ikimulika ua mzima, Topista, anayeshona kwa mwanga wa koroboi yenye moshi, alisonya. "Huyu anayekuja kwangu kuomba chumvi! Leo ndiye wa kunizidi?"

Kilichomuuma hasa ni kwamba pesa alikuwa nazo, nusu ya bei, akiba ya miaka mitatu. Akazipeleka Jinja, dukani kwa Hiren, muuza sola. Hiren akatikisa kichwa.

"Nusu haitoshi, mama. Na mkopo, benki inataka karatasi ya mshahara. Mwalimu, polisi, askari jela, sawa. Fundi, hapana."

Lo! Kumbe Racheal hamzidi kitu ila karatasi! Topista alirudi Mbale roho ikimchoma, akaenda moja kwa moja hadi geti la jela, kwa Omollo, askari aliyemposa miaka minne naye akimkwepa.

"Afande, bado unanitaka?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Omollo nusura adondoshe kofia kwa furaha.

Harusi ilikuwa ya kumkomoa Racheal: ng'ombe, gauni jipya la gomesi la hariri, kwaya nzima. Akiba ya sola ikaishia hapo hapo. Ya nini kuibania, na karatasi sasa imo ndani ya nyumba?

Baada ya miezi miwili wakaenda Jinja pamoja. Omollo akaikunjua karatasi yake mezani kwa fahari.

"Pole, afande," akasema Hiren. "Benki imefunga mikopo ya sola. Na bila mkopo hanunui mtu, ona stoo ilivyojaa. Nimeshusha bei nusu, lakini taslimu tu." Kisha akamtambua Topista. "Aa, mama! Zile pesa zako za siku ile zingetosha kabisa!"

Topista alichokiona ni Racheal tu, akicheka chini ya taa yake.

"Siku ile ipi?" akauliza Omollo.

"Ijumaa kabla ya Pasaka," Hiren akajibu, hana hili wala lile. "Nilimwambia atafute karatasi ya mshahara."

Omollo akaikunja karatasi polepole.

"Ijumaa hiyo ndiyo uliyokuja getini kuniuliza kama bado nakutaka," akasema. Akaitia mfukoni, akatangulia nje.