Hamu ya Watu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, niliposimama mlangoni pa nyumba yangu nikamrudishia jirani sahani ya muhogo wa nazi, ungali wa moto, aliyomletea mke wangu mgonjwa. Nilimshukuru sana. Hata nilitabasamu. Nikamwambia, "Tumeshakula, mama. Usijisumbue." Akaipokea sahani yake kwa mikono miwili, akageuka, akarudi kwake na manyunyu yakimlowesha leso. Mwanangu, nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na nimefanya makosa mengine ambayo watu wanayajua. Hili hawalijui, wala hakuna aliyenishtaki kwalo. Ndilo linalonirudia nikiwa peke yangu, nami siku hizi niko peke yangu karibu kila saa.

Naitwa Mutua. Wazazi wangu walitoka Ukambani wakapewa shamba kwenye skimu, ardhi ambayo serikali iliwagawia walowezi, upande wa ndani kutoka Msambweni, nikiwa na miaka kama kumi. Nilikua kati ya Wadigo, nikajifunza kusalimu kama wao na kula kama wao. Nilipokuwa kijana nikapata kazi ya kutengeneza mabomba ya mkono, yale ya visima, yaliyokuwa yakiwekwa vijijini enzi hizo. Nilikuwa na baiskeli, mfuko wa spana na kamba ndefu. Bomba likikatika Milalani, naenda. Likikauka Kinondo, naenda, hata kama ni siku ya mapumziko. Nilipenda ile dakika ambapo mpini unaanza kuwa mzito mkononi, ukajua maji yanapanda, na akina mama wanapiga vigelegele kabla hata ndoo haijawekwa. Uniwie radhi, wazee hatuwezi kusimulia jambo bila kupitia kazini kwetu.

Basi nilikuwa mtu wa kusifiwa. Wakinikaribisha chai baada ya kazi, nasema nina haraka. Wakinipa kuku, nawaachia. Watu walisema, "Fundi Mutua hana tamaa," nami nikaliamini neno hilo kuliko walivyoliamini wao. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kabla hatujahamia pwani, mwaka mmoja wa ukame, mama yangu alinipeleka kwa shangazi kuomba unga. Shangazi alitupa, tena kwa wingi. Lakini tangu hapo, kila tulipokutana naye kanisani au sokoni, alisema mbele za watu, "Huyu mtoto angekufa kama si mimi." Nilimwona mama akiinamisha uso kila mara. Nikaapa moyoni kwamba hakuna binadamu atakayepata kunisimanga. Nitatoa mimi. Kupokea, wapokee wengine.

Nilimwoa Mwende, binti wa skimu hiyohiyo, mwanamke wa kucheka na kila mtu. Alikuwa akienda kisimani asubuhi anarudi saa nne, nikimuuliza alikuwa wapi ananiambia habari za nyumba saba. Hatukujaaliwa mtoto. Mwaka wa tano wa ndoa yetu miguu yake ikaanza kuvimba, akawa hawezi kupanda kijilima cha nyuma ya nyumba bila kuketi njiani. Daktari alituambia moyo wake umechoka. Akampa dawa, akasema apumzike, asibebe kitu.

Hapo nikaona wakati wangu umefika. Nilipika mimi. Nilifua mimi, hata nguo zake, jambo lililowafanya wanaume wenzangu kucheka. Nilimkanda miguu kwa maji ya vuguvugu jioni. Sikumwacha alale bila kula. Na majirani walipokuja, niliwapokea nje. "Amelala," nikasema. "Ametoka kunywa dawa. Nitamfikishia salamu." Sikuwa mkali hata kidogo. Nilisimama tu pale mlangoni kwa adabu mpaka wakaondoka. Kwa watu wa pwani, mgonjwa kutotembelewa ni jambo zito, lakini mimi niliona nawaondolea mzigo.

Jirani aliyekuja zaidi ya wote ni Bi Mwanamisi, mama wa makamo kutoka Mwabungo aliyeolewa huku kwetu. Shamba lake na langu yalitenganishwa na safu ya mihogo. Ndiye yule wa sahani. Siku chache baada ya kumrudishia chakula chake alinikuta njiani nikisukuma baiskeli, akasimama.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Fundi, nikuulize kitu?"

"Uliza, mama."

"Mwaka jana bomba letu lilipoharibika, ulikuja bila kuitwa. Maji yalipotoka, moyoni ulijisikiaje?"

"Nilifurahi sana."

"Basi furaha hiyo wewe umeshiba nayo, na sisi umetunyima. Kila nikija kwako narudi na mikono yangu vilevile. Unatufanya sisi tuonekane watu wa kupewa tu, kana kwamba hatuna chochote cha mtu kukihitaji."

Nilicheka. Nilimwambia, "Mama, hayo ni mambo madogo, msijali." Akasema, "Haya baba, Mwenyezi Mungu amponye," akaenda zake. Niliona ameongea maneno mazuri, lakini ya mtu asiyejua mimi ni nani.

Wiki hiyohiyo, alasiri, nilimletea Mwende uji. Alikuwa ameegemea ukuta, macho yakiwa wazi.

"Nani alikuwa mlangoni?" akaniuliza.

"Wanawake wa kanisani. Wamekusalimu."

"Najua wamenisalimu. Niliwasikia. Nilisikia sauti zao zikija, kisha nikazisikia zikienda." Akapumua kidogo, maana kuongea kulimchosha. "Mutua, unanitunza vizuri. Hakuna mwanamke hapa skimu anayetunzwa kama mimi. Lakini nina hamu ya watu."

Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Kwani mimi sikutoshi?"

Akanishika mkono. "Hunitoshi," akasema. "Hakuna mtu mmoja anayemtosha mwenzake. Usikasirike."

Nilikasirika. Niliosha kile kikombe cha uji kwa kukigonga-gonga ili asikie. Mwanangu, fikiria: nilimpa mtu kila kitu nilichokuwa nacho isipokuwa kile kimoja alichokiomba.

Hasira ilipopoa nikamwambia Mwende nitamwita Bi Mwanamisi. Nilivuka ile safu ya mihogo hadi uani kwake. Alikuwa anakuna nazi. Akaniwekea kigoda, nikaketi. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: njoo ukae na Mwende. Ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nikamuuliza kama bomba linavuta vizuri. Akasema linavuta. Nikauliza kama mlango wake bado unakwaruza sakafu, niupige randa. Akasema si lazima. Alikuwa akinitazama, anangoja, nadhani alijua. Nikainuka, nikaaga, nikarudi nyumbani.

"Umemwita?" Mwende akauliza.

"Hayupo," nikasema. Na huo ndio uongo pekee niliowahi kumwambia mke wangu.

Siku ya tatu baada ya hapo nikaitwa Milalani. Bomba la zahanati lilikuwa limekatika. Nilimwekea Mwende maji, uji na dawa karibu na mkono, nikafunga mlango ili kuku wasiingie, nikapanda baiskeli. Haikunijia akilini kumwomba mtu yeyote akae naye. Nilirejea kabla ya adhuhuri. Alikuwa amejiviringisha upande wa mlango, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Uji haukuwa umeguswa. Alikuwa amekwisha kuwa baridi.

Sikujua kulia kwa sauti, lakini siku hiyo nililia kwa sauti, na watu wakaja bila kuniuliza kama wanaweza kuja. Walijaza ua. Wanawake waliingia ndani wakamwosha. Nilipochukua jembe nikachimbe kaburi mwenyewe, vijana wa Kidigo na wa Kikamba waliniondolea mkononi, mmoja akaniambia, "Kaa chini, kaka. Hii si kazi yako." Niliketi. Nililetewa chakula nikala. Sikuwa na nguvu za kukataa, na ilinishangaza kwamba hakuna aliyetaka chochote kwangu, hata neno.

Wageni walipotawanyika, Bi Mwanamisi alibaki. Alikaa mkekani mbali kidogo nami, leso amejifunika mabega.

"Mutua," akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina, "kuna jambo lazima nikwambie, la sivyo litaniua. Asubuhi ile nilipita hapa. Nilibisha hodi. Nilisikia kama ameitika, kwa mbali. Nilishika mlango nikausukuma kidogo. Kisha nikasema moyoni, fundi hapendi. Nikauachia, nikaenda shamba."

Sikuweza kumtazama.

"Labda sikusikia chochote," akasema. "Labda ni upepo tu. Lakini sitajua."

Mpaka hapo nilidhani kosa langu limeniumiza mimi na Mwende peke yetu. Kumbe nilikuwa nimemwachia mama wa watu, aliyekuja na nia njema, swali la kubeba maisha yake yote. Nilimwambia, "Si wewe, mama. Ni mimi niliyekufundisha." Akaanza kulia kimyakimya. Baadaye kidogo akasema bila ukali, "Ulitaka wema wote uwe wako peke yako, mwanangu. Hauwi wa mtu mmoja."

Sikuoa tena. Sikubadilika kwa siku moja pia, nisikudanganye. Ilinichukua mwaka mzima kufika siku ambayo homa ilinishika nikamwita Bi Mwanamisi kwa kupaza sauti kupitia ile mihogo. Alikuja akikimbia. Aliponikuta nina homa tu alinigombeza kwa kumtisha, kisha akacheka, nami nikacheka. Tuliishi hivyo, akinipikia nikiumwa, nikimtengenezea kinachoharibika, mpaka alipofariki. Hatukulitaja tena lile swali lake, lakini kila mwaka mwezi ule wa masika ulipoingia alikuwa akinyamaza siku kadhaa, nami nilijua anawaza nini.

Sasa mabomba mengi yameachwa, watu wana mifereji ya maji majumbani. Wenzangu wa rika wamekwenda. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na sauti moja. Vijana hupita, wananisalimu vizuri, nami nikiwauliza hali wananijibu, "Niko sawa, mzee." Msichana wa jirani alifukuzwa kazi ya hoteli huko Diani, akakaa ndani majuma mawili akisema yuko sawa. Ndiyo sababu nimeamua kusema haya, ingawa si sifa kwangu.

Nilipokuwa kijana niliamini kwamba mtu mwema ni yule anayetoa na asiyemhitaji mtu. Nimelifikiria jambo hilo kwa nusu karne, na nadhani mtu kama huyo ni mpweke tu aliyejifunza tabia nzuri. Kama unatoa na hukubali kupewa, jiulize unachokilinda ni nini. Mimi nilikuwa nikimlinda mtoto mmoja aliyesimama kanisani kando ya mama yake, na kwa kumlinda nikamfungia mke wangu ndani. Wapo watakaokusimanga, siwezi kukuambia hawapo; shangazi yangu alikuwepo. Vumilia masimango ya mmoja kuliko kuwafungia nje kumi wasio na neno nawe. Na ukimpenda mtu, usijifanye kwamba wewe ndiye ulimwengu wake mzima. Muulize anataka nini, kisha umpe hicho, hata kama si wewe. Na neno likikukwama kooni, liseme siku hiyohiyo, hata likitoka limevunjika. Mimi nililibeba kutoka uani kwa mtu hadi nyumbani kwangu, hatua zisizofika mia, na nimekuwa nikitembea nalo tangu wakati huo.

Mwanangu, mimi sikupata wa kuzaa, kwa hiyo dua zangu zote ninazo bado, sijazigawa. Chukua hii. Mungu akujalie watu wa kukujia bila taarifa wakati usiotaka, wakalie kitanda chako, waongee kwa sauti kubwa, wakuchoshe. Akujalie moyo wa kuwaambia wasiondoke. Na siku yako ikifika, iwe mbali, akujalie chumba kilichojaa. Amina.